Mwarobaini Uliochunwa Ganda

Huenda mtaani kwako pia upo mwarobaini ambao shina lake limechunwa. Mmoja alipita na panga akachukua ganda la kuchemsha, kesho yake mwingine akaendelea pale alipoishia mwenzake, hata shina likawa kama limevishwa mkanda mweupe. Majani yangali kijani, kivuli kipo, na watu husema kwamba mti haukudhurika. Kumbe umekwisha kuhukumiwa! Sababu utaielewa ukijua jinsi maji na chakula vinavyosafiri ndani ya mti.

Maji huanza safari yake katika vinyweleo vya mizizi. Majimaji yaliyomo ndani ya vinyweleo hivyo yana chumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongoni, nayo maji huvutwa kuelekea palipokolea zaidi. Ndiyo maana mbolea ya dukani ikizidi mno huuunguza mmea: udongo ndio unaokolea, na mizizi hunyang'anywa maji badala ya kuyapata.

Kutoka mizizini, maji na madini hupanda kwa mirija iliyomo ndani ya mbao. Mirija hiyo ni seli zilizokufa, zikabaki mabomba matupu. Lakini nani huyapandisha? Pampu ya kunyonya iliyowekwa juu ya kisima haiwezi kuyainua maji kupita mita 10 hivi. Hata hivyo, katika Mlima Kilimanjaro umepimwa mti, wa ukoo mmoja na huo mwarobaini wetu, wenye urefu wa mita 81.5, habari zake zilitangazwa mwaka 2016. Mti hauna moyo wala mota.

Kazi hiyo hufanywa na jua. Majani yana vitundu vidogo sana, na maji yanapogeuka mvuke na kutoka humo, huyavuta yale yaliyo nyuma yake, kwani chembe za maji hushikana kama pete za mnyororo. Dixon na Joly wa Dublin walilieleza jambo hilo mwaka 1894. Kabla yao, Mwingereza Stephen Hales alikuwa amepima alizeti katika chungu kilichofunikwa, akaona kwamba hutoa zaidi ya nusu kilo ya maji kwa siku. Kitabu chake kilitoka mwaka 1727.

Sasa turudi kwenye ganda. Majani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, na sukari hiyo huteremka kuilisha mizizi kwa njia nyingine kabisa: mirija hai iliyomo katika ganda la ndani, lile bichi ambalo panga huling'oa. Ukilichuna kuzunguka shina lote, maji huendelea kupanda kwa njia ya mbao, na ndiyo sababu majani hayanyauki. Mizizi, hata hivyo, haipati kitu. Hula akiba yake, pengine kwa miezi mingi, kisha hufa kwa njaa, na hapo ndipo majani nayo hukauka. Katika karne ya 17, Malpighi wa Italia alichuna mkanda wa namna hiyo, akaona shina likivimba juu ya jeraha. Chakula kilikuwa kimekwama hapo.

Kama ganda hilo linatibu au halitibu, hayo tuwaachie waganga. Mwenye kulihitaji na akate tawi moja, achune ganda la tawi hilo, na shina aliache. Akishindwa, basi achukue kipande chembamba cha kwenda juu, upande mmoja tu, wala mwingine asiongeze hapo mpaka jeraha lizibe. Mti ambao mkanda wake haujakamilika bado unaweza kupona, hata kama kilichosalia ni ukanda mwembamba wa ganda. Uangalie leo ule wa kwenu, ukiuzunguka shina lote, maana mara nyingi sehemu iliyobaki huwa upande wa ukutani, mahali ambapo panga halikufika.