Mvuke Usioonekana na Amana ya Familia

 

Mzazi mmoja alituuliza baada ya darsa: je, kuamini utabiri wa mvua si kuingilia elimu ya ghaibu? Swali hili tulisafiri nalo hadi Kariandusi, karibu na Gilgil, katika njia ya Nakuru.

Hapo ndipo Louis Leakey alipochimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale, mwishoni mwa miaka ya 1920. Jirani yake yapo machimbo ya udongo mweupe, mwepesi kama unga. Udongo huo ni magamba ya viumbe vya majini vidogo mno visivyoonekana kwa macho; yaani palipo pakavu leo palikuwa ziwa. Ziwa Elmenteita la sasa liko chini bondeni. Maji huja na kuondoka, na njia yake ya kuja haionekani: ni mvuke, ambao sehemu yake kubwa hutoka katika Bahari yetu ya Hindi, ukachukuliwa na pepo hadi bara.

Mvuke huo hupimwaje? Setilaiti zile zile zinazotuonyesha njia katika simu zetu huzunguka juu kiasi cha kilomita 20,000, zikituma ishara za redio. Ishara hizo huchelewa kidogo zikipita hewani, na mvuke huzidi kuzichelewesha. Kipokezi kilichosimikwa imara, mahali panapojulikana kwa usahihi, hupima kuchelewa huko. Wataalamu hutoa sehemu inayosababishwa na tabaka za juu za anga, kisha ile ya hewa kavu. Inayobaki ni ya mvuke. Kila milimita 1 ya maji iliyomo hewani huirefusha njia ya ishara kwa takriban milimita 6.5. Njia hii ilielezwa na Michael Bevis na wenzake mwaka 1992. Puto la hali ya hewa hurushwa mara moja au mbili kwa siku, bali kipokezi hupima usiku na mchana, kuwe na mawingu au kusiwe. Vipokezi vya aina hiyo vimesimikwa Nairobi, na hapa kwetu Malindi.

Je, huku ni kudai ghaibu? La. Mvuke umekwisha kuwapo juu ya vichwa vyetu; anayeupima hupima kilichoumbwa, kama mabaharia wetu walivyoisoma kaskazi na kusi kabla ya kutweka tanga. Mpiga ramli hana kipimo wala dalili. Tena mtaalamu mwenyewe hasemi kwamba mvua lazima inyeshe, kwani mvuke waweza kujaa na mawingu yakapita. Amri ni ya Mola. Aya ya 43 ya Surat An-Nur hutuelekeza kuyatazama mawingu yanavyoendeshwa na kukusanywa, na kupima ni kutazama kwa makini.

Jambo hili linagusa uhai. Katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, kabla ya mapambazuko ya tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko ya Mai Mahiu yaliwaua makumi ya watu, wengi wakiwa usingizini. Hatusemi kwamba kipimo cha mvuke peke yake kingewaokoa. Tunasema kwamba onyo likitufikia, mwenye nyumba ya bondeni asijibu kuwa ametawakali, kisha akalala. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.

Basi masika inapokaribia, tusafishe mitaro, tuwaonyeshe watoto pa kukimbilia, na tumjue mapema atakayembeba bibi asiyeweza kutembea. Familia ni amana, nasi tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua ya kheri, na awahifadhi walio mabondeni. Amin. Wabillahi tawfiq.