Kabla ya Viatu, Mpunguzie Bidoni



Miezi miwili iliyopita, siku ya posho, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu hapa Bukavu hakuinuka. Alikuwa na neno. Binti yake wa miaka 14 alikuwa amerudi kutoka masomo na habari kwamba mwalimu wa michezo anatafuta wasichana wa kuingia katika ekipe ya mbio za nyika, zile watoto wanaita kros. Mtoto anataka. Baba hataki. Mama akatuuliza: "Nifanye nini?"

Tulicheka. Mmoja wetu akasema: "Huyo mtoto anapanda milima ya Kadutu na bidoni kila siku. Mazoezi gani mengine anatafuta?" Wote tukakubali. Mama akarudi nyumbani na jibu letu: mwache aende, amekwisha kuzoea.

Mtoto akaenda. Siku ile aliamka saa 10 za usiku kama kawaida, akapandisha maji mara 4 na bidoni ya lita 20, akafagia, akaenda masomo bila kula kitu. Saa 8 mchana walikimbizwa kilometa 3. Kwenye mpando wa pili akaanguka. Wenzake walimrudisha nyumbani wamemshika mikono. Alimwambia mama yake kwamba hatakimbia tena, kwa sababu yeye ni mtoto dhaifu.

Kesho yake mwalimu alituma neno: "Binti yako hakosi miguu. Anakosa kula na kupumzika." Neno hilo lilitufikia sisi pia, na lilituchoma. Hebu tupige hesabu: lita 20 za maji ni kilo 20. Mara 4 ni kilo 80, mtoto amezibeba kabla jua halijatoka. Sisi tuliita hayo mazoezi, kumbe ni kazi. Mazoezi yanaujenga mwili wakati mwili umepewa chakula na usingizi. Ukiongeza mbio juu ya uchovu na njaa, unabomoa.

Kwa hiyo tulirudi kwa mama huyo, tukaomba msamaha, tukakaa naye. Yafuatayo ndiyo tuliyofanya pamoja kwa majuma 8. Labda kwako pia kuna binti anayeomba ruhusa.

Kwanza tulianza nyumbani

Baba hakuwa mtu mbaya. Aliogopa njia. Aliogopa giza, na wanaume wanaosimama kwenye kona. Sisi wamama tunaijua hofu hiyo, hatuwezi kuidharau. Basi tukakubaliana naye masharti: mtoto hakimbii kabla ya mwangaza wala jua likikaribia kuzama. Hakimbii peke yake. Njia ni ile wazazi wanayoijua, na siku yenye habari mbaya mtaani, mazoezi yanangoja. Tena hakuna mtoto anayebaki peke yake na mwalimu au mfundishaji yeyote, hata kama anasifiwa na watu wote. Siku hizi wanakimbia wasichana 3 pamoja, na kila zamu mama mmoja wetu anakaa kando ya kiwanja akichambua maharagi yake.

Halafu tulikuja kwenye maji. Kuna kaka wa miaka 16 nyumbani. Siku za mazoezi alipewa bidoni 2 kati ya zile 4, na zingine zikangoja jioni. Juma la kwanza alinung'unika kwamba maji ni kazi ya wasichana. Baba mwenyewe ndiye aliyemjibu: "Na wewe, hunywi?" Maneno yakaishia hapo.

Majuma 8 ya mazoezi

Mtoto anayeanza asikimbizwe kila siku. Siku 3 kwa juma zinatosha: siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, ili kati yake mwili upumzike.

Juma la 1 na la 2: atembee haraka dakika 5. Kisha akimbie polepole dakika 1, atembee dakika 2, arudie hivyo mara 8. Ataona aibu kwamba ni polepole sana. Mwambieni ndivyo inavyotakiwa. Kipimo ni mdomo: akikimbia aweze kuzungumza na mwenzake. Akishindwa kusema sentensi moja, amepita kiasi.

Juma la 3 na la 4: akimbie dakika 3, atembee dakika 1, mara 6.

Juma la 5 na la 6: akimbie dakika 10, atembee 2, akimbie tena 10. Kwenye mpando apige hatua fupi, atazame mbele, asikunje mgongo. Kwenye mteremko asijiachie kama jiwe, maana magoti ndiyo yanayolipa.

Juma la 7: akimbie dakika 25 bila kusimama. Siku moja ya juma hilo apande kilima kidogo kwa nguvu, mara 6, kila mara kama nusu dakika, akishuka kwa kutembea.

Juma la 8: apunguze. Siku 2 za mwisho kabla ya majaribio apumzike kabisa. Hapa wamama wengi tunakosea. Tunamwona amekaa, tunamtuma.

Akiwa na homa, asikimbie. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi yenye mlio, au mguu unaouma mahali pamoja siku baada ya siku: asimame, apelekwe kituo cha afya. Asiambiwe avumilie.

Chakula

Hatukununua kitu cha ajabu. Siku ya mazoezi mtoto asitoke na tumbo tupu. Kikombe cha uji wa mtama na soja, ndizi, au kiazi kitamu, saa moja na nusu au mbili kabla ya kukimbia. Maji anywe kidogo kidogo mchana wote, asingoje kiu ya mwisho. Baada ya mazoezi ale mapema: bugali na maharagi, sambaza, sombe au lengalenga.

Wasichana wanaoanza kupata damu ya mwezi wanahitaji chakula kinachoongeza damu, na vyakula hivyo ndivyo tulivyonavyo. Machungwa, pera au limau pamoja na chakula husaidia mwili kupokea nguvu ya damu iliyo katika maharagi na majani. Chai ikinywewa pamoja na chakula huizuia. Kwa hiyo chai tuisogeze mbali kidogo na sahani.

Katika mkutano mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini: akiwa katika siku zake, akimbie? Ndiyo, akijisikia vizuri anaweza kukimbia, haimdhuru. Awe na kitambaa kisafi kilichofungwa vizuri na kaputula ya rangi nyeusi. Akiumwa sana, apumzike siku hiyo. Lakini damu ikitoka nyingi mno na mtoto akawa amepauka na kuchoka kila siku, au kama alikwisha kuzoea kupata siku zake na sasa zimekatika miezi mitatu, mpelekeni kwa muuguzi. Kukatika hivyo, mara nyingine sababu ni kwamba anafanya kazi kuliko anavyokula.

Viatu na nguo

Tunaulizwa sana juu ya viatu. Tulitafuta katika nguo za mitumba: viatu vyepesi vilivyomkaa sawa, vyenye nafasi kidogo mbele ya vidole na soli isiyoisha upande mmoja. Asikimbie na kandambili. Sutiani imara inamsaidia msichana kuliko viatu vya bei kali. Juu ya kaputula, baba yake alipendelea ndefu, mtoto akakubali. Kros haihesabu urefu wa kaputula.

Kwa nini tujisumbue?

Mama mwingine alisema: "Mbio zitamlisha?" Hatuwezi kuahidi. Tunajua tu kwamba mwaka 2016, Beatrice Kamuchanga, msichana aliyefanya mazoezi upande wa Kivu ya Kaskazini, alikimbia meta 5,000 kwa jina la Kongo katika Michezo ya Olimpiki ya Rio. Tunajua pia kwamba tangu mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanyika Kampala mwaka 2017, wanawake wakubwa wanakimbia kilometa 10 sawasawa na wanaume. Zamani wanawake walipewa njia fupi zaidi, kana kwamba miguu yao ni ya kuazimwa.

Lakini wengi wa watoto wetu hawatafika huko, na si neno. Kuna jambo lingine tulilolipenda. Katika kros ekipe inahesabiwa kwa nafasi: wa kwanza ana pointi 1, wa kumi ana pointi 10. Zinajumlishwa, na ekipe yenye pointi chache ndiyo inashinda. Katika mashindano ya dunia wanahesabiwa 4 wa kila ekipe. Maana yake, yule wa nne akimpita mtu mmoja tu karibu na mwisho, amewasaidia wote. Msichana ambaye hawi wa kwanza popote anajifunza kwamba nafasi yake inahesabiwa. Sisi wa likelemba tunaelewa hesabu hiyo: yule anayeleta kidogo kila juma bila kukosa ndiye anayetushikilia.

Majaribio mengine yatakuwa siku ya tano ijayo. Binti yetu atakimbia zile kilometa 3. Hatujui kama atachaguliwa, maana wasichana ni wengi na nafasi ni chache. Yeye mwenyewe anasema anataka kwanza kuupita ule mpando wa pili. Mama yake ameomba ruhusa sokoni, atakuwa pale. Na sisi tutakuwa pale, maana ni sisi tuliocheka.

Kaka yake amekwisha kuulizwa: majaribio yakipita, ataacha bidoni? Baba akajibu kabla yake kwamba hapana, zile 2 ni zake sasa.

Siku ya posho, kila mama aje na jibu moja: nyumbani kwako, nani anabeba maji, na mara ngapi kwa siku? Tutayaandika yote. Na mwenye viatu vyepesi vya namba 37 au 38 ambavyo mtoto wake ameviacha, avilete. Wale wasichana wengine wawili bado wanakimbia na viatu vya masomo.

Mubaki na amani.