Mwalimu Hakuajiriwa Kulinda Mlango wa Choo

Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, mwalimu wa chuo cha umma ameongezewa kazi ambayo hakuisomea. Tangu tarehe 1 Julai 2023, yeye ni mmoja wa watu waliopewa na sheria mamlaka ya kumwambia mtu atoke katika choo kisichokuwa cha jinsia yake ya kuzaliwa. Waliotajwa pamoja naye ni maofisa utawala, walinzi na polisi. Ndivyo mwalimu wa hesabu na mwalimu wa historia walivyowekwa safu moja na askari wa zamu.

Sheria hiyo ilitiwa saini na Gavana Ron DeSantis tarehe 17 Mei 2023. Inaeleza kwamba mwanamke ni yule aliyezaliwa na maumbile ya kutoa mayai ya uzazi, na mwanamume ni yule aliyezaliwa na maumbile ya kutoa mbegu. Kisha inaamuru majengo ya umma, vyuo vikiwamo, yawe ama na vyoo vya wanawake na vya wanaume mbali mbali, ama na choo cha watu wote ambacho ni chumba cha mtu mmoja au familia moja, chenye kuta zinazotoka sakafuni hadi darini na mlango mzima wenye kufuli. Zipo ruhusa chache: anayemsaidia mtoto wa chini ya miaka 12, mzee au mlemavu, mganga katika dharura, na mfagizi, mradi choo hakina mtu. Walengwa walijulikana na wote tangu siku ya kwanza. Ni wale wanaoishi kwa jinsia tofauti na ile waliyozaliwa nayo.

Watetezi wa sheria wanasema nia ni kumlinda mwanamke. Nia hiyo haifai kudharauliwa, kwa maana hofu ya mwanamke aliye peke yake katika jengo la umma ni hofu ya kweli. Lakini kumchungulia mtu, kumshika bila ridhaa yake na kumbaka yalikuwa makosa ya jinai huko Florida kabla ya 2023, awe mtendaji ni nani na awe amevaa nini. Vyoo vya wanawake na vya wanaume navyo vilikuwa vimetenganishwa zamani. Basi ni kitu gani kipya kilicholetwa?

Jibu linaonekana vizuri zaidi kwa kurejea nyuma kidogo. Mwaka 1887 jimbo la Massachusetts lilikuwa la kwanza Marekani kuamuru kwa sheria kwamba kiwanda chenye wafanyakazi wanawake kiwe na vyoo vyao mbali. Majimbo mengi yakafuata. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba sheria zile zilitokana na fikra za enzi ile kwamba mwanamke ni kiumbe dhaifu, na huenda wana haki. Hata hivyo sheria ya 1887 ilimkabili tajiri. Ilimwambia: jenga, toa fedha, mfanyakazi wako apate mahali pa heshima. Sheria ya Florida imeigeuza shabaha. Sasa anayekabiliwa ni mfanyakazi mwenyewe.

Hili si tafsiri ya chuki. Mwezi Agosti 2023 Bodi ya Elimu ya jimbo hilo ilipitisha kanuni kwa ajili ya vyuo 28 vilivyo chini yake. Mtumishi anayetumia choo kisicho chake na kukataa kutoka anaweza kupewa onyo la mdomo, karipio la maandishi, kusimamishwa kazi bila mshahara, au kufukuzwa. Kosa la pili likishaandikwa katika jalada lake, mkuu wa chuo hana tena hiari: sharti amfukuze. Miaka 20 ya kufundisha, wanafunzi aliowatoa, ripoti nzuri za kila mwaka, vyote havina uzito. Kanuni hiyo iliyafikia hata mabweni yanayoendeshwa na vyuo.

Wakuu wa vyuo walifanya nini? Walifanya kile ambacho mtumishi wa serikali wa nchi yoyote angekitabiri. Waliandika nyaraka, wakarekebisha vibao, wakaongeza vifungu katika kanuni za nidhamu za wanafunzi, kisha wakapeleka uthibitisho kwa wakubwa, kwa maana sheria ilitaka uthibitisho huo ufike si zaidi ya tarehe 1 Aprili 2024. Tangu tarehe 1 Julai mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa jimbo anaweza kukishtaki chuo kisichotii, na faini ni hadi dola 10,000. Uthibitisho uliotakiwa ni wa kutii kifungu cha vyoo. Kama taa ya ukumbini inawaka usiku, kama kitasa kinafunga, kama msichana aliyeshambuliwa bwenini anapata mtu wa kumsikiliza, hayo hayakuulizwa.

Linabaki swali ambalo urasimu wote huo umelikwepa. Mwalimu atajuaje? Jinsia ya kuzaliwa haikuandikwa usoni. Atatazama urefu wa mtu, upana wa mabega, nywele zilizokatwa, sauti nzito, yaani atakisia. Na anayekisia hukosea. Mwezi Mei 2025, katika hoteli moja mjini Boston, mlinzi aliingia katika choo cha wanawake, akagonga mlango na kumtaka mtu aliyekuwamo athibitishe jinsia yake. Alikuwa mwanamke, na amezaliwa mwanamke. Mlinzi alisimamishwa kazi. Boston iko Massachusetts, jimbo lile lile la 1887, ambako hakuna sheria kama ya Florida. Shuku imesafiri mbele ya sheria. Huyo ndiye mwanamke aliyeambiwa kwamba analindwa.

Texas nayo imeingia njia hiyo hiyo, na kwa bei kubwa zaidi. Sheria yake, iliyotiwa saini na Gavana Greg Abbott mwezi Septemba 2025, ilianza kutumika tarehe 4 Desemba 2025. Taasisi ya umma, vyuo vikuu vikiwamo, itatozwa dola 25,000 kwa kosa la kwanza na dola 125,000 kwa kila kosa linalofuata, na kila siku kosa linapoendelea ni kosa jipya. Chuo cha umma hakina mfuko wa siri wa kulipia faini hizo. Kuna karo za wanafunzi na kodi za wananchi. Mkuu wa chuo anayejua kupiga hesabu ataona kwamba ni rahisi zaidi kumweka mtu mlangoni. Mtu huyo naye, saa nane mchana, wanafunzi wakitoka darasani kwa mamia, atakuwa akiwatazama nini?