Nguzo ya Kikapu na Shimo Lake

Katika nchi ya Marekani, mbele ya nyumba nyingi, huonekana nguzo ya chuma iliyosimama peke yake, na juu yake ubao na pete yenye wavu. Hiyo ni nguzo ya mpira wa kikapu. Jioni watoto wa nyumba ile hukusanyika chini yake pamoja na wenzao wa jirani, wakashindana kutupa mpira ndani ya pete mpaka giza liingie. Mpita njia huutazama ubao na pete, akavisifu. Shimo halitazami, kwa kuwa halionekani. Lakini mwenye akili atakubali ya kuwa shimo ndilo kazi yenyewe, na mtu atakayelifanya kwa haraka ni heri asianze.

Mchezo wenyewe ulianza pasipo shimo lo lote. Mwezi wa Desemba mwaka 1891, James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alikuwa mwalimu katika chuo cha Y.M.C.A. mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Ilikuwa wakati wa baridi, wanafunzi hawakuweza kucheza nje, nao walikuwa wamechoka na mazoezi ya viungo ya ndani. Naismith akatafuta mchezo mpya. Akapata vikapu viwili vya kutilia matunda ya pichi, akavipigilia misumari penye ukingo wa roshani ya ukumbi, kimoja upande huu na kimoja upande wa pili. Ukingo ule ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni, na hata leo pete huwekwa kwa urefu uo huo, yaani karibu mita 3 na sentimita 5. Naismith hakuwa na haja ya kuchimba, maana ukumbi ulikuwa na msingi wake tayari. Nguzo ya nyumbani haina ukumbi wa kuishika. Hushikwa na ardhi tu.

Sasa na itazamwe kazi ya nguzo hiyo. Pete haikai juu yake sawasawa, bali hutokeza mbele, ili mchezaji asijigonge chumani. Kwa hiyo kila mpira ukipiga ubao, na kila upepo ukivuma, nguzo hutikiswa kama wenzo. Na mtoto akirukia pete akaning'inia, kama ilivyo desturi ya watoto, uzito wake huivuta nguzo nzima kwenda mbele. Kinachozuia isianguke ni zege lililo chini. Zege likiwa dogo au bichi, nguzo huinama. Na ikianguka, chuma chaweza kumwua mtoto aliyesimama chini yake.

Basi yako mambo matatu ambayo fundi mwema hayaachi.

La kwanza ni kuuliza kabla ya kuchimba. Chini ya ua wa nyumba za Marekani hupita mabomba ya maji na ya gesi, na nyaya za umeme. Beleshi likikata waya au bomba la gesi, mchimbaji aweza kufa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2007 iko namba moja ya simu kwa nchi nzima, nayo ni 811. Mwenye nyumba huipiga siku chache kabla ya kazi, na watu huja kutia alama za rangi ardhini, pasipo malipo. Wako wasemao, "Shimo letu ni dogo, kwa nini kusumbua watu?" Lakini waya hauulizi ukubwa wa shimo.

La pili ni kina. Shimo la futi 4 si la ajabu. Katika majimbo ya kaskazini maji yaliyomo udongoni huganda wakati wa baridi, yakatanuka, yakaliinua zege lisilofika chini ya udongo ulioganda. Nguzo iliyosimama wima mwezi wa Septemba yaweza kukutwa imeinama mwezi wa Aprili. Mchimbaji huchoka katika futi ya pili, akasema, "Yatosha." Haitoshi.

La tatu ni kungoja, na hili ni gumu kuliko yote, ingawa halina jasho. Zege limekwisha kumiminwa, vyuma vya kushikia nguzo vimesimamishwa ndani yake na kupimwa kwa pima maji, na watoto wamefika, mpira mkononi. "Baba, limekauka! Tazama, halinati tena." Ni kweli, uso wake umekuwa mgumu. Lakini zege halishiki kwa kukauka kama nguo juani. Hushika kwa sababu saruji na maji huungana ndani yake, na kazi hiyo huenda polepole. Watengenezaji wengi huagiza kungoja walau saa 72 kabla ya kusimamisha nguzo, na zaidi kukiwa na baridi. Na mafundi, kwa desturi, hupima nguvu za zege baada ya siku 28. Baba akiwasikiliza watoto siku ya kwanza, amewapa furaha ya jioni moja na kuwanyima ya miaka mingi. Haraka haraka haina baraka.

Wengine hujibu, "Basi na inunuliwe nguzo yenye magurudumu, ambayo tako lake hujazwa maji au mchanga." Kwa mpangaji hilo ni shauri jema, kwa kuwa hawezi kuchimba ua usio wake. Lakini hata nguzo hiyo, asiyelijaza tako lake kama alivyoagizwa amewategea watoto mtego. Sheria ni ile ile: uzito wa chini ndio uwekao cha juu. Mwenye ua wake mwenyewe na achimbe.

Tena na awape watoto wake sehemu ya kazi, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Mtoto aliyebeba kokoto, akahesabu siku za kungoja, hatairukia pete kwa upuzi, maana ajua kinachoishikilia. Ni heri ashike beleshi kabla ya kushika mpira.