Damu ya Siku Moja

Chuo cha ualimu kilinifundisha jambo ambalo sijaliacha hadi leo: mtoto mwenye homa hapewi mtihani. Ukimpa, alama utakazosahihisha ni za homa, si za mtoto. Nalisema hili kwa sababu wazee wenzangu wa Kibaha na Kisarawe wanatahiniwa wakiwa na homa, kisha wanahukumiwa kwa alama hizo.

Mtihani wenyewe ni kipimo cha damu kiitwacho PSA. Hiyo ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi kidogo huvuja kikaingia katika damu. Saratani huongeza uvujaji huo. Lakini si saratani peke yake. Tezi iliyotanuka kwa uzee, mkojo uliofunga, uambukizo, mpira wa mkojo, kamera ya kuchungulia kibofu, sindano ya kukata vinyama vya tezi: vyote vyaweza kuipandisha PSA pasipo saratani yoyote.

Yalinifika. Usiku mmoja mkojo ulinifunga, nikawekewa mpira katika hospitali moja, nami nikawaombea dua waliouweka. Siku ya tatu, mpira ungali ndani, nikatolewa damu. Karatasi ikaja na 19. Kijana aliyenikabidhi akasema, "Mzee, jiandae." Nijiandae kwa lipi? Hakusema. Kabla juma halijaisha, wanangu walikwisha kumpata mnunuzi wa shamba langu la mikorosho kule Kisarawe. Mke wangu hakulala.

Daktari wa pili aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, mpira uliwekwa lini, na damu ilitolewa lini?" Nilipomjibu, akaniambia nisubiri. Majuma 8 baada ya mpira kutolewa, kipimo kilisoma 3.6. Shamba lilisalimika kwa swali moja!

Waganga hushauri kusubiri kama majuma 6 baada ya mambo kama hayo, tezi itulie. Kwa nini basi damu ichukuliwe siku ya tatu? Ni haraka, na ni uvivu wa kutouliza. Tena kosa lina upande wa pili: dawa ya finasteride, inayopewa wenye tezi iliyotanuka, hushusha PSA kwa karibu nusu baada ya miezi kadhaa. Anayeimeza akanyamaza atapewa alama nzuri asizostahili, na ugonjwa utamla kimyakimya.

Najua nitaambiwa kwamba nawatisha watu wasipime. La hasha! Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania, na wengi wetu hufika Ocean Road imekwisha kusambaa. Wala asijifiche mtu nyuma ya hofu ya kidole cha daktari. Nataka tupimwe, nataka tupimwe sawasawa.

Kwa hiyo nadai maswali matatu yaandikwe juu ya kila karatasi ya kipimo hiki. Umewekewa mpira au kufanyiwa lolote katika njia ya mkojo hivi karibuni? Una uambukizo? Unatumia dawa gani? Wino wake hauzidi senti.

Nawe mzee mwenzangu, usipoulizwa, sema mwenyewe kabla sindano haijaingia. Adabu ya kumnyamazia daktari karibu inigharimu shamba.