Waranti ifike na Garsen

Sisi wa Garsen tuna la kusema kuhusu waranti ya vifaa vya kompyuta. Kompyuta ya saiba yangu ilipiga milio, haikuwaka. Nilichomoa vipande vyote viwili vya ramu, nikasugua meno yake kwa kifutio, nikajaribu kimoja kimoja. Kile kipya kiligoma kila nilipokichomeka. Nikamtumia video muuzaji wa Mombasa aliyeniuzia. Jibu: "Kilete dukani." Kwa nauli ipi? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinatupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kasoro ikituletea hasara. Hakikubagua aliye mbali na duka. Wauzaji, tafadhali pokeeni vifaa vibovu kwa vifurushi vya basi, jinsi mnavyotutumia vipya.