Bonasi ya Chai Isiliwe Kabla ya Kufika

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet ni mfanyi biashara, ijapokuwa hana duka wala kibao cha jina mlangoni. Kila kilo ya majani inayopimwa kituoni ni bidhaa yake iliyouzwa. Kwa hiyo yampasa kufanya makadirio ya mapato na matumizi kama ifanyavyo Serikali. Hesabu za viwanda vya K.T.D.A. hufungwa tarehe 30 Juni. Basi daftari lake nalo lianze tarehe 1 Julai.

Fedha za chai humjia kwa njia mbili. Ya kwanza ni malipo ya kila mwezi, ambayo kiwango chake kwa kilo chajulikana. Ya pili ni bonasi, ambayo kwa kawaida hulipwa mwezi wa Oktoba, baada ya kiwanda kuuza chai na kuondoa gharama zake. Hii haijulikani mpaka itangazwe, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Na uchukuliwe mfano wa mkulima achumaye kilo 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Akilipwa shilingi 24 kwa kilo, apata shilingi 9,600. Wachumaji wakilipwa shilingi 10 kwa kilo, zatoka 4,000. Deni la mbolea likikatwa 900, zabaki 4,700. Hizo ndizo fedha za nyumba yake, wala si 9,600. Mwezi wa Mei, akitumaini bonasi ya shilingi 25 kwa kilo, yaani 120,000, akopa 80,000 kununua pikipiki. Oktoba yatangazwa shilingi 12 tu. Mkononi zaja 57,600. Amepungukiwa 22,400 kabla ya kuhesabu riba, na Januari shule zafunguliwa, wakati kiangazi kimepunguza majani.

Bonasi ya mwaka uliopita si kipimo cha kutegemewa. Chai huuzwa mnadani Mombasa kwa dola za Marekani. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 129. Kilo ya chai ya dola 2, iliyokuwa ikileta shilingi 320, ikaleta 258, ingawa mnunuzi hakupunguza hata senti moja. Tena mvua ya mawe, ambayo nchi ya Kericho yaijua sana, huweza kuharibu machipukizi kwa alasiri moja. Na katika miaka ya 2024 na 2025 viwanda vingi vya Kericho na Bomet vililipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki ya Bonde la Ufa. Basi mkulima wa Litein asipime mfuko wake kwa habari za Kirinyaga.

Mkulima mwenye busara hufanya hivi. Huandika kila mwezi kilo alizouza, fedha zilizoingia, zilizokatwa na zilizotumika, na risiti za kituo huzitunza. Unga, sabuni na chumvi huvinunua kwa malipo ya mwezi peke yake. Akilazimika kukisia bonasi, hutumia ile iliyokuwa ndogo kuliko zote katika miaka mitatu iliyopita. Siku bonasi ifikapo, huketi na mama watoto, ambaye mara nyingi ndiye aliyechuma majani hayo, wakatenga kwanza karo ya Januari, kisha akiba ya kiangazi, kisha matengenezo ya shamba. Starehe hupata kitakachobaki.

Mwisho, tangu mwaka 2000 K.T.D.A. si shirika la Serikali tena, bali ni mali ya wakulima kwa njia ya viwanda vyao. Mwenye hisa ana haki ya kuuliza mkutanoni kuni na umeme vimegharimu kiasi gani. Lakini atauliza vipi hesabu ya kiwanda, naye hajui ya nyumba yake? Mali bila daftari huisha bila habari.